Kiti Kisicho na Mwenyewe

Asubuhi ya pili ya maonyesho, msimamizi wa ukumbi wa sanaa wa mtaa alikikuta kiti kimegeukia ukutani. Alipokigeuza, pa kukalia palikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

"Nani alikaa hapa?" alimuuliza mlinzi.

"Mama, hapo nani atakaa?" mlinzi alinong'ona. "Mimi hata kufagia nazunguka kwa mbali."

Maonyesho ya vyombo vya nyumbani yalikuwa ya mwezi mmoja tu, na kiti hicho ndicho kilichovuta watu. Kilikuwa cha dada mkubwa wa msimamizi. Ndicho alichokalia kila jini lilipompanda na kuanza kusema kwa sauti nzito ya kiume. Msimamizi alikichukua nyumbani bila kuomba, na kwenye kijikaratasi akaandika: "Kiti cha mwanamke mwenye mashetani. Mwenyewe hajulikani." Aliona haya wageni wajue kuwa ni damu yake.

Adhuhuri ukumbi ulijaa. Mgeni mmoja alijifanya kapandwa, anagugumia na kugeuza macho, wenzake hawana mbavu, na msimamizi naye akacheka kidogo. Hapo ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Miguu ya kiti ikalia kama inayopokea uzito, yule mgeni akabaki mdomo wazi, na kutoka pale patupu, juu ya kiti kisicho na mtu, ile sauti ambayo msimamizi alizoea kuisikia nyumbani kupitia ukuta wa chumba cha dada yake ikauliza polepole, "Mwenyewe hajulikani?"

Watu walitoka wakikanyagana. Msimamizi alikimbilia nyumbani.

Dada yake alikuwa uani akianua nguo, anaimba. Miaka mingi hakuwahi kumsikia akiimba.

"Tangu ukichukue kile kiti sijapandwa tena," dada alisema. "Nalala kama mtoto. Nikasema, mdogo wangu kanihurumia, kanitua mzigo. Mungu akulipe."

Msimamizi alimweleza yote, macho chini. Dada alikunja nguo ya mwisho, taratibu.

"Basi nikakichukue. Huyo jini atadhuru watu bure. Mimi kashanizoea."

Ukumbini, dada alisoma kile kijikaratasi. Akakusanya gauni lake ili akae, jini limrudie.

"Usikae," msimamizi alisema, mbele ya wageni waliochungulia mlangoni. "Huyu ni dada yangu, tumbo moja. Kiti nakibeba mimi."

Akajitwika, wakatoka. Mwanzoni kilikuwa chepesi. Kisha kikaanza kulemea, kidogo kidogo, shingo ikazama mabegani, na dada yake alitangulia mbele akitembea kama msichana, naye akaona aibu kumwita, akaendelea kujikokota huku ile harufu ikimshukia usoni, mpaka vidole vya baridi vilipomshika masikio yote mawili, kwa upole, kama vya mtu anayejishikilia asianguke.