Njia ya Kurudi Haikuandikwa

Kila asubuhi Mama Pacha hupiga pasi koti lake jeupe. Yeye ni mkuu wa maabara katika hospitali. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, hunywa chai na kujisifu. Yeye ndiye aliyefunga mtandao wa kompyuta wa hospitali hiyo.

"Siku hizi hakuna kubeba makaratasi," alisema asubuhi moja. "Unabonyeza tu, majibu ya vipimo yanafika wodini."

"Hayafiki," mkewe alijibu. "Kompyuta inangoja, kisha inasema haikujibiwa. Leo ni mara ya tatu nakwambia. Nimechoka kuyapeleka kwa miguu."

"Unabonyeza vibaya," alisema Fundi. Hakuinua hata kichwa.

Hata mimi ninayesimulia, jibu lile linanikera mpaka leo.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alishikwa na homa, akalala nyumbani siku mbili. Mwenzake wa maabara alibonyeza, akaenda zake bila kungoja. Wodini alilazwa mama mmoja mshona nguo, mwenye kidonda kibaya mguuni. Majibu yake hayakufika. Dawa inayofaa ilichelewa, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Mganga mkuu alimsimamisha kazi Mama Pacha. "Maabara ni yako," alimwambia. "Na kosa ni lako."

Jioni jirani yao alikuja kumpa pole. Anatunza mitambo ya mtandao chuoni, na watu humwita Dada Waya. Alisikiliza kisa chote, kisha akamgeukia Fundi.

"Shemeji, hospitali ina majengo mawili, na kila jengo lina swichi yake inayopitisha data. Uliandika njia kwenye swichi zote mbili?"

"Niliandika kwenye ya maabara. Ya pili ya nini? Njia ni moja. Ukienda sokoni, si unarudi kwa njia ile ile?"

"Mtu anakumbuka alikopita. Swichi haikumbuki kitu, inafuata ilichoandikiwa. Ile ya maabara uliiambia: data ya wodini ipitie swichi ya pili. Sasa ile ya wodini uliiambia nini kuhusu maabara?"

"Sikuiambia kitu," alisema Fundi.

"Basi ombi la kuunganishwa linafika wodini, lakini jibu lake linakosa njia, linatupwa. Kompyuta ya maabara inangoja kuambiwa 'nimepokea'. Haiambiwi, inakata kabla ya kutuma majibu yenyewe."

"Lakini nilijaribu! Swichi zilijibizana."

"Lazima zijibizane, zimeungwa kwa waya mmoja. Ulijaribu kutoka kompyuta ya maabara hadi kompyuta ya wodini?"

"Hapana," alisema Fundi, polepole.

Mama Pacha aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake Fundi na Dada Waya walifungua kabati la swichi ya wodini. Fundi aliandika njia iliyokosekana: mtandao wa maabara, 192.168.10.0, pamoja na barakoa, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao huo. Mwisho aliandika anwani ya swichi ya maabara, ndiyo lango la kupitia.

"Sasa jaribu kompyuta kwa kompyuta," alisema Dada Waya. "Kutoka huku, kisha kutoka kule."

Zote zilijibu.

"Hifadhi, shemeji. Usipohifadhi, umeme ukikatika swichi inasahau yote. Halafu andika njia zote mbili kwenye karatasi, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Fundi mwingine akija asibahatishe kama wewe."

Majibu ya kwanza yalifika wodini kabla hawajafunga kabati. Lilikuwa jambo la nusu saa.

Fundi alikwenda kwa mganga mkuu, akasema kosa ni lake. Mama Pacha alirudishwa kazini. Tangu siku hiyo hakuna majibu yaliyopotea.

"Na mshona nguo?" Mama Pacha alimuuliza mumewe. "Nani atamwambia?"

"Twende wote, mke wangu."

"Mimi namwona kila siku. Kamwambie mwenyewe."

Fundi alikwenda. Mshona nguo alikuwa ameketi kitandani, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulikuwa. Ni mguu aliokuwa akikanyagia cherehani. Fundi alimweleza yote, ya swichi na ya njia. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," aliuliza, "hukuambiwa na mtu kwamba haifanyi kazi?"

"Niliambiwa, mama. Na mke wangu. Nikamjibu kwamba anabonyeza vibaya."