Mkono Usiopoa

Heljo Kangur, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, alikuwa fundi wa sanamu katika chuo kikuu kimoja hapa Estonia. Si sanamu za mawe. Mawe yenyewe yako Ugiriki. Chuo kilikuwa na nakala za plasta, zilizonunuliwa enzi za mababu ili wanafunzi wajue Wagiriki wa kale walikuwa na magoti ya namna gani.

Jumatatu hiyo ilianza vizuri tu: theluji nje, chai na mkate mweusi karakanani. Kisha akaingia Profesa Undrits.

“Heljo, yule msichana wa plasta pale ukumbini hana mkono wa kulia.”

“Hana tangu walipomwangusha mwaka juzi. Nilisema tuagize mwingine Berlin, wanakotunza kalibu ya asili ya kumiminia plasta.”

“Miezi sita! Wageni wanakuja Ijumaa. Mtafutie mkono.”

“Kana kwamba nina duka la mikono,” Heljo alinung'unika mlango ulipofungwa.

Pembeni, binti yake Piibe, wa miaka kumi na miwili, alikuwa akifanya hesabu za shule huku anatafuna kucha.

“Ukizimaliza utaanza vidole, wewe. Hebu lete huo mkono wa kulia.”

Kazi hiyo ina mwiko mmoja: kipande cha sanamu hutoka kwenye kalibu iliyogusa jiwe. Hakitoki kwa mtu. Heljo aliujua mwiko huo, ila aliuona ni majivuno ya mafundi. Akampaka mtoto mafuta, akaufunika mkono kwa plasta, akaibandua ilipokauka, akamimina plasta mpya ndani yake. Mkono ukatoka mzuri ajabu, pamoja na kucha zake zilizotafunwa.

“Mama, Mgiriki anakula kucha!” Piibe alicheka.

Mzee Evald, fundi mwenzake, hakucheka.

“Plasta ikiganda hutoa joto,” alinong'ona.

“Ni kemia, mzee. Nusu saa inapoa.”

“Iliyotoka kwenye jiwe ndiyo inayopoa.”

Jumatano Heljo aliubandika mkono ule. Ulikuwa bado na joto. Akajiambia ni joto la chumba.

Ijumaa wageni walipiga makofi. Profesa akasifiwa kwa jicho lake la kitaalamu. Jioni Piibe aliangusha kijiko mezani.

“Mama, mkono wangu una baridi.”

Heljo aliushika. Ulikuwa mweupe, mkavu kama chaki.

Hospitali walipima kila kitu, wakaandika maneno marefu yenye maana moja: hatujui. Baridi ikapanda hadi kiwiko. Heljo hakusubiri. Mchana kweupe alimchukua mwanawe hadi ukumbini, akatoa nyundo.

“Nauvunja, kipenzi. Funga macho.”

Aligonga kidole kimoja, kwa upole.

Piibe akapiga yowe.

Kidole cha plasta kilikuwa na ufa. Cha Piibe pia. Hakikutoka damu. Kilitoka unga wa plasta.

Hakugonga tena. Angegonga vipi?

“Uache, Mama,” Piibe alinong'ona. “Kule ndiko ninakosikia joto.”

Baridi ilifika begani. Ikafika kifuani. Mwezi wa tatu tulimzika, na ardhi ilikuwa bado ngumu kwa barafu.

Mkono mpya, ambao chuo kiliuagiza Berlin baada ya wageni kuondoka, ulifika mwezi wa sita. Uko kabatini, haujafunguliwa. Heljo hataki uguse ukumbi ule. Kila siku, wakati wa chakula cha mchana, hukaa chini ya sanamu, ameushika mkono wa kulia. Haujapoa. Kucha zake hukua, na kila Ijumaa huzikata kwa mkasi mdogo wa Piibe. Tulidhani ni huzuni inayosema, mpaka akatuonyesha kopo lenye vipande vyeupe.

Ijumaa iliyopita hakupata cha kukata. Kucha zote tano zilikuwa zimetafunwa.

Heljo aliinua macho polepole. Midomo ya sanamu ilikuwa na unga. Unga wa kucha, bado una mate.