Aliyesimama Kulia kwa Crisanto

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Crisanto, mtoto wa jirani yangu hapa mjini Calamba, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alikula wali na samaki mkavu, akamuaga mama yake kwamba anakwenda kuogelea na wenzake. Hakudanganya sana. Nyumba waliyoikodi wakubwa wa chama cha udugu cha wanafunzi, alichotaka kujiunga nacho, ilikuwa na bwawa kweli, na mchana huo walichoma nyama, wakacheka naye, wakamwita dogo. Alizaliwa peke yake. Alitaka ndugu, basi.

Alikwenda na Lemuel, mwenzake wa chumba kimoja. Wawili hao tu ndio waliokuwa wanaingizwa. Nyama ilipokwisha wakafungwa vitambaa machoni, wakasimamishwa wakiutazama ukuta, wameshikana mabega, Lemuel kushoto, Crisanto kulia. Ubao ukaanza kutua nyuma ya mapaja. Na desturi yao, eti, kila pigo lazima ushukuru.

"Asante, bwana mkubwa," alisema Crisanto.

"Sikusikii, kifaranga," alijibu Gerard, kiongozi wao. "Sauti umemwachia mama?"

Wenzake wakacheka.

Ndipo mkono ukamshika Crisanto bega la kulia. Ulikuwa wa baridi. Alidhani mmoja wa wakubwa amemhurumia. Lakini ubao ulipotua, huyo wa kulia naye akashtuka, akaguna kwa maumivu. Naye alikuwa anapigwa.

"Usishukuru," sauti ilimnong'oneza. "Mimi nilishukuru mpaka mwisho."

Crisanto alikauka. Walikuwa wawili. Alijua walikuwa wawili.

Kushoto kwake Lemuel akaanguka.

"Inuka, we," aliamuru mmoja wa wakubwa. Pumzi tu, zinakwaruza.

"Mmwagieni maji," alisema Gerard. "Aliyebaki atamalizia mapigo ya mwenzake. Huo ndio udugu."

Crisanto akakivuta kitambaa. Kujivua mwenyewe ni mwiko kwao. Kulia kwake hapakuwa na mtu. Chini alilala Lemuel, mapaja meusi, midomo rangi ya majivu.

"Huyu anakwenda hospitali," alisema Crisanto.

"Haendi popote. Hospitali wataita polisi." Gerard alisimama mlangoni. "Ukivuka hapa, wewe si ndugu yetu."

"Nani kakwambia nautaka tena udugu wenu? Mtu anakufa, nyinyi mnatafuta maji. Ndugu yangu ni huyu hapa. Sogea."

Gerard hakusogea. Crisanto akauweka mkono wa Lemuel shingoni mwake, akajaribu kusimama. Miguu ikakataa. Akajaribu tena huku analia kwa hasira.

Mara mzigo ukawa mwepesi. Mkono wa pili wa Lemuel ulipanda wenyewe. Ukatulia hewani, kama uliowekwa juu ya bega la mtu.

Ubao ulimponyoka Gerard.

"Ponso," alinong'ona, akajibanza ukutani.

Crisanto hakuuliza Ponso ni nani. Alipita.

Barabarani dereva wa bajaji aliwatazama. "Nyie watatu mtabanana," alisema. "Mmoja akae mbele kwangu."

Lemuel alipona, ingawa daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangebeba maiti. Wale wakubwa wakaanza kutuma ujumbe: kiapo, siri, udugu. Baba yake Gerard akatuma wakili.

"Mwambieni alete na mwingine," alisema Crisanto, akaenda polisi akichechemea, akataja majina yote, moja baada ya jingine.

Askari wakampiga picha majeraha. Begani kulia palikuwa na alama ya kiganja, nyeusi kabisa. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi, kimekatika katikati.

Jina la Ponso nalo alilitaja, polisi wakamtafuta mama wa kijana huyo. Alikuja kutoka shamba la mpunga huko Nueva Ecija, mwanamke mdogo wa umbo, ambaye mwaka juzi aliletewa jeneza akaambiwa mwanawe kateleza kwenye ngazi za bweni. Aliitazama ile picha, akakigusa kile kidole kifupi.

"Mashine ya kukoboa mpunga," alisema. "Alikuwa na miaka sita. Nilimfunga kidole hicho kwa nguo yangu mwenyewe."

Akamwomba Crisanto afungue shati. Akaweka kiganja chake juu ya ile alama, wala hakuharakisha kukitoa. Kisha akamgeukia askari.

"Andika. Mwanangu hakuanguka ngazini."

Mapaja ya Crisanto yalipona. Alama ya begani ipo mpaka leo, nimeiona kwa macho yangu. Hata jua la saa sita likiwaka, ukiigusa ni ya baridi.