Fulu Mweusi wa Rael

Ijumaa hiyo, kabla Sabato haijaingia, Jerusha aliacha kushona akavuka barabara kwenda kwa dada yake. Rael alikuwa ameenda Migori kununua mitumba, na mvua za El Niño zilikuwa zimemkwamisha njiani. Ombi lake lilikuwa dogo tu: bintiye Mourine apikiwe uji, na samaki walishwe.

Samaki wenyewe walikuwa fulu wanne, visamaki vya ziwani kutoka kisiwa cha Takawiri, wamekaa katika tangi la kioo sebuleni, kimashine cha hewa kikiwavumia kutwa kucha. Rael aliwapenda kupita kiasi. Jerusha hakumcheka. Kila mtu na kinachomtuliza. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu yeye amzike Nyanchama, bintiye wa miaka mitatu, na Rael ndiye aliyemshika mkono hadi kaburini.

Mourine alikunywa uji, akalala. Giza lilipoanza kuingia, radi ikapiga. Stima ikapotea.

Kimashine kikanyamaza.

Jerusha akawasha koroboi. Fulu walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi. Pwa... pwa... pwa... Alishawahi kumwona Rael akiwaokoa, basi naye akashika jagi, akachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Akachota, akamwaga. Hata hivyo watatu walipinduka, tumbo juu. Akabaki mmoja, mweusi.

Mkono ukamchoka. Akapumzika kidogo.

Chumbani, Mourine akakoroma kama mtu anayekabwa.

Jerusha alimkuta ameketi kitandani, macho yamemtoka. Pwa... pwa... Mlio ule ule. Akambeba hadi sebuleni, akamlaza kochini na, bila kujua kwa nini, akalishika tena jagi.

Alipomwaga, mtoto alivuta pumzi.

Alipoacha, pumzi ilikatika.

"Ee Nyasae, Mungu wangu..."

Akachota kwa pupa. Jagi likavuruga kokoto za chini, na harufu ikapanda. Mafuta ya nazi. Udongo uliotoka kuchimbwa. Kisha kitu kikaelea juu: kisuko chembamba cha nywele, ncha yake imefungwa uzi wa manjano.

Jerusha alikijua. Alikifunga mwenyewe, asubuhi ya mazishi. Baada yake, aliyebaki peke yake na maiti kuivisha nguo alikuwa mtu mmoja tu.

Mlango ukafunguliwa. Rael aliingia amelowa chepechepe, akalitazama tangi kabla hajamtazama mwanawe.

"Yuko hai?" akanong'ona.

"Nani, dada? Mtoto au samaki?"

Jerusha, mkono mmoja ukiendelea kumwaga, akainua kisuko kwa wa pili. Rael akaketi sakafuni.

"Mourine alikuwa anakufa, Jeru. Yule mama wa kisiwani aliyenipa samaki aliniomba nywele tu. Za mtu aliyekwisha kufa. Wako alikuwa ameshaenda..."

"Samaki uliwaleta Jumapili, Nyanchama akiwa mzima. Aliugua Jumatatu."

Mvua ikapiga mabati.

"Niambie nakosea, dada. Niambie, nitaamini."

Rael alisimama akampokonya jagi, akaanza kumwaga yeye. Fulu mweusi akazama hadi chini, akatulia. Kochini, Mourine akanyamaza kabisa.

"Fulu huyu hajawahi kunikataa," Rael akanong'ona. "Shika wewe. Nakuomba, mdogo wangu. Shika!"

Jerusha alipokea jagi. Angeweza kuliweka mezani. Aliifikiria meza hiyo. Fulu akapanda taratibu, akaja hadi kwenye kioo mbele ya uso wake, kinywa kikifunguka na kujifunga, vile mtoto mchanga anavyotafuta ziwa la mama gizani.

Jerusha akachota, na Mourine akavuta pumzi. Akamwaga huku machozi yakiingia tangini, mpaka stima iliporudi na kimashine kikaanza kuvuma. Kisha akatoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo hawasalimiani, hata kanisani. Rael hukaa mbele, Jerusha karibu na mlango. Lakini stima ikikatika, majirani humwona Jerusha akivuka barabara mbio, pekupeku. Huingia bila hodi. Rael hutoka, akasimama nje hata kama mvua inanyesha. Ndani husikika maji yakimwagwa, na Jerusha akiimba polepole wimbo wa kubembeleza mtoto.

Na kuna sauti ndogo inayomwitikia.

Mourine anasema si yeye.