Miguu Mitupu Kwenye Simenti

Mama mkwe alikuwa bingwa wa kukanyaga udongo. Mtaani kwake, kuta nyingi zilianzia chini ya nyayo zake. Misheni ilipoomba watu wa kujitolea kujenga chumba cha kujifungulia, hakungoja kuitwa mara mbili.

"Mkwe wangu, mfunge mtoto mgongoni, twende! Unachana nywele kama bibi harusi!"

Mkwe wake alicheka, akamfuata mbiombio.

Walikuta watu wakichanganya simenti, mchanga na maji kwa makoleo.

"Mnakoroga uji?" mama mkwe aliuliza. "Hebu nipisheni!"

Akavua ndala, akapandisha gauni, akaingia miguu mitupu. Akakanyaga huku akiimba. Watu wakampigia makofi. Fundi mwashi alikuwa nyuma ya ukuta akipanga matofali. Hakuona kitu.

Wakati wa mapumziko, mkwe alimpelekea mama mkwe chai. Akamkuta anasugua mguu mmoja kwa mwingine.

"Mama, vipi? Miguu inauma?"

"Inawasha tu. Kunywa chai yako."

Mkwe alipiga magoti. Visigino vilikuwa vyekundu. Katikati ya vidole, ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Fundi! Fundi, njoo!"

"Nyamaza, mwanangu," mama mkwe alinong'ona. "Watanirudisha nyumbani. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia njiani, nikitafuta mkunga. Hakuishi. Chumba hiki lazima kiwe na jasho langu."

Mkwe hakuwahi kuisikia habari hiyo. Akamshika mama mkwe mkono, asiuachie.

Fundi alifika, akatazama miguu.

"Maji! Leteni maji safi, mengi!"

Wakamkalisha bombani. Maji yakatiririka juu ya miguu yake.

"Mama yangu," fundi alisema, "udongo umeuzoea. Lakini simenti mbichi ni moto usio na moshi. Inaunguza polepole. Ukija kusikia uchungu, ngozi imeshaliwa."

"Nimpake mafuta?" mkwe aliuliza.

"Usimpake kitu. Maji kwanza, yatiririke kama dakika ishirini. Nguo iliyolowa simenti aivue. Halafu mpeleke zahanati. Hata ikiingia jichoni ni hivyo hivyo: maji mengi, kisha mbio kwa daktari."

Akawageukia watu wote. "Kosa ni langu. Niliwapa makoleo, sikuwapa somo."

"Basi ndiyo mnanifukuza?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani amfukuze mama? Pona kwanza. Ukirudi, vaa viatu vya mpira na glavu, nami nitakupa koleo."

Nesi alimsafisha vidonda, akampa dawa. Mkwe alimkataza hata kuchota maji. Mama mkwe alinung'unika kutwa, lakini alitii.

Vidonda vilipofunga, alirudi kazini. Alivaa viatu vya mpira vya mwanawe, amevijaza matambara kwa mbele.

"Mama, unakwenda kuvua samaki?" watu walimtania.

"Chekeni tu! Wewe baba mwenye ndala, unakwenda wapi? Simenti haina shemeji. Rudi ukavae viatu!"

Baba wa watu alirudi. Tangu siku hiyo, hakuna aliyechanganya simenti bila viatu vya mpira. Hakuna mwingine aliyeungua.

Chumba kilipokamilika, mama mkwe aliingia wa kwanza. Alipapasa ukuta taratibu. Kisha akageukia mlangoni.

"Mkwe wangu, mlete mjukuu. Aone mahali wadogo zake watakapozaliwa."