Bajaji Isiyozimwa

Mchana huo Leonia alipika maharage. Aliyaunga kwa karanga, kama mume wake Masolwa anavyopenda. Masolwa akanawa mikono, akamega ugali, akachovya. Akatafuna mara mbili. Akaacha kutafuna.

"Mama Janeti, haya maharage umeyaunga na nini?"

"Na karanga."

"Yananuka petroli."

"Yananuka bajaji yako," Leonia alisema. "Gunia ulilipakia nyuma wewe mwenyewe."

Masolwa alimaliza ugali wake kwa chumvi, kama mtu aliyeupenda hivyo tangu zamani.

Masolwa aliendesha bajaji pale Sikonge kwa miaka kumi na moja. Barabarani alikuwa dereva mzuri. Alisimama kwenye vivuko, hakugombana na abiria. Lakini akiingia sheli kujaza mafuta, akili aliiacha barabarani.

Kwanza, hakuzima injini. Selfu ya kuwashia bajaji ilikuwa imekufa siku nyingi. Ikizimwa, lazima isukumwe ndipo iwake, na Masolwa hakupenda kusukuma. Pili, hakushuka, wala hakushusha abiria. Tatu, tangi likijaa, aliitikisa bajaji huku na huku. Nyuma yake foleni ilisubiri.

"Nashindilia," alisema.

Huko kwao karanga hupimwa kwa debe. Debe likijaa unalitikisa, karanga zinashuka, unaongeza nyingine. Masolwa aliona petroli nayo ni mzigo kama mizigo mingine. Alitikisa, akaongeza, akatikisa tena, mpaka mafuta yakafika mdomoni mwa tangi. Akiegesha juani, yanamwagika. Ndiyo hayo yaliyoingia kwenye gunia la maharage.

"Siku moja utatuchoma," Leonia alimwambia.

"Miaka kumi na moja sijaungua hata unywele."

"Unywele gani, baba Janeti?"

Binti yao Janeti alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba yake ana kipara kinachong'aa kama sufuria mpya.

Janeti alikuwa anaolewa Jumamosi ile. Mchumba wake, Renatus, anatoka Usoke. Wakwe walitaka kukodi gari dogo jeupe la kumpeleka bibi harusi kanisani. Janeti alikataa.

"Bajaji hii ndiyo iliyonisomesha," alisema. "Nitakwenda nayo."

Masolwa alitoka nje kwenda kuangalia hali ya hewa. Alikaa huko muda mrefu, na hewa haikuwa na neno lolote.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Kwaresima. Padre Justus alishasema: ndoa ni saa nne kamili, kisha anaondoka kwenda kigango cha mbali. Atakayechelewa atafunga ndoa baada ya Pasaka. Na Padre Justus hatanii. Mwaka uliopita bwana harusi mmoja alichelewa kwa sababu ya kunyoa ndevu. Alipokuja kufunga ndoa, zilikuwa zimeota tena.

Asubuhi bajaji ilifungwa riboni nyekundu na nyeupe. Nyuma walikaa Janeti, Leonia na shangazi Koleta. Shela la Janeti lilijaa bajaji nzima. Shangazi Koleta alionekana kichwa tu, kama mtu aliyezama kwenye pamba. Lakini alikuwa anaimba.

Walipokaribia mjini, bajaji ikaanza kukohoa. Jana yake Masolwa alibeba viti na maji kutwa nzima. Mafuta yalikuwa yanaisha. Akakata kona, akaingia sheli. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mbele yake kulikuwa na gari la abiria, Noah ya dereva mwenzake Adinani. Tangi la gari liko kushoto, lakini Adinani alisimama na ubavu wa kulia kwenye pampu. Sasa alikuwa anauvuta mpira wa pampu juu ya paa, kama anayemvuta ng'ombe asiyetaka kwenda joshoni. Injini ilikuwa inanguruma, na simu iko sikioni.

"Nimeshafika Tabora, naingia stendi sasa hivi," alimwambia mtu kwenye simu.

Mhudumu mpya wa pampu aliitwa Agnetha. Alikuwa na wiki moja tu pale. Alimgeukia Masolwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nijazie upesi, harusi hii."

"Hongereni sana. Zima injini, mshuke wote."

"Hii haizimwi. Ikizimwa haiwaki."

"Basi na mimi sijazi."

Masolwa alicheka. "Mwanangu, yule mwenzako wa zamani alikuwa ananijazia hivihivi."

"Ndiyo maana ni wa zamani," Agnetha alijibu.

"Dada, mjazie mzee," Adinani alidakia. "Bibi harusi anayeyuka."

"Na wewe kaka, zima gari, kata simu. Mtu aliyefika Tabora siwezi kumwekea mafuta Sikonge."

Foleni yote ikacheka. Adinani akaitia simu mfukoni. Agnetha akaurudisha mpira mahali pake, akakunja mikono. Honi zikaanza kulia.

"Mwanangu, saa nne tunatakiwa kanisani," Masolwa alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Tukichelewa, harusi imekwenda mpaka Pasaka. Wakwe wameshafika. Ng'ombe ameshachinjwa."

Agnetha alimsogelea, akashusha sauti.

"Nisikilize, baba. Tangi lako liko nyuma, jirani na injini. Petroli inapoingia, mvuke unatoka. Huuoni kwa macho. Ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini. Ukikutana na cheche ya injini, au sigara ya mtu, unashika moto papo hapo. Wewe unaweza kuruka. Huyu mwenye shela ataruka vipi?"

Masolwa aligeuka nyuma. Aliona kitambaa cheupe kila mahali, na katikati yake uso wa mtoto wake. Shangazi Koleta aliacha kuimba.

"Baba, zima," Janeti alisema.

"Itagoma, mwanangu. Tutachelewa."

"Zima. Tutasukuma."

"Na hilo shela?"

Janeti alikusanya shela lake kwa mikono miwili, akashuka. Leonia akamfuata. Shangazi Koleta akashuka wa mwisho, akitafuta kiatu kimoja.

Masolwa akazungusha ufunguo. Bajaji ikanyamaza. Nyuma yake pikipiki moja ikazimwa, kisha lori, na mbele yake Noah ya Adinani. Kituo kikawa kimya hata wakasikia kuku wa jirani.

Adinani akampisha bibi harusi, na Agnetha akaijaza bajaji. Tangi likajaa, bomba likajikata lenyewe. Masolwa akashika bajaji kwa mikono miwili, tayari kutikisa.

"Unafanya nini, baba?"

"Nashindilia kidogo."

"Hizo ni karanga? Karanga zina nafasi katikati, ndiyo maana debe linashuka. Mafuta hayana nafasi hiyo. Na yakipata joto la jua yanatanuka. Hapo juu paachwe wazi, la sivyo yanamwagika."

"Kumbe," Masolwa alisema.

"Kumbe," Leonia alirudia, akimwangalia kwa pembeni. "Mimi nimekula maharage ya petroli kwa sababu ya karanga."

Agnetha akafunga kifuniko. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na tano. Masolwa akaanza kusukuma peke yake. Mara akaona bajaji imekuwa nyepesi. Adinani alikuwa nyuma yake, amekunja mikono ya shati. Dereva wa lori naye akaja, na vijana wawili wa bodaboda. Mbele kabisa, shela likiwa kwapani, alitembea Janeti akiwaonyesha njia ya kutokea.

Walipofika barabarani, mbali na pampu, bajaji ikakohoa. Wakasukuma tena. Ikapiga chafya. Mara ya tatu ikawaka. Shangazi Koleta akapiga vigelegele, wanawake wakarushwa ndani pamoja na shela, wakaondoka.

Padre Justus alikuwa mlangoni pa kanisa, anaangalia saa yake. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. Akamtazama bibi harusi mwenye vumbi magotini. Akamtazama baba yake aliyelowa jasho.

"Mmetoka shambani?" aliuliza.

"Tumetoka sheli, Padre," Masolwa alijibu.

Saa nne na dakika ishirini Janeti alikuwa mke wa Renatus.

Jumatatu, kabla ya kubeba abiria hata mmoja, Masolwa alikwenda kwa fundi. Fundi akaweka selfu mpya. Kisha Masolwa akapakia abiria wa kwanza, akapita sheli. Alizima injini, akashuka, akamwomba abiria wake ashuke. Bomba lilipojikata, hakugusa kitu. Alifunga kifuniko na kumshukuru Agnetha.

Adinani alikuwa kwenye foleni, na safari hii tangi la Noah lilikuwa upande wa pampu. Alipomwona Masolwa anarudi kwenye usukani, alishuka bila kuambiwa. Akaita vijana wawili wa bodaboda. Wote watatu wakaja nyuma ya bajaji, wakainama, wakanyoosha mikono ili kusukuma.

Masolwa akabonyeza selfu. Bajaji ikawaka mara moja na kuondoka. Nyuma yake wanaume watatu walibaki wameinama, wanausukuma upepo.