Lastiki ya Mguu wa Kushoto

Kila asubuhi cherehani ya Mama Sindano ilianza kulia kabla chai haijachemka. Alikuwa fundi wa sare za shule. Kiti chake kilikuwa barazani, karibu na dirisha. Kutoka pale aliuona ua wote: kamba ya nguo, pipa la maji, na bomba la chuma lililolala chini.

Bomba hilo lilikuwa na kopo la rangi kila upande, na makopo yote mawili yalijaa saruji. Aliyeyajaza ni mume wake, fundi bomba, Jumapili moja baada ya kula.

"Yameshika," alisema siku ile, akiyagonga kwa nyundo. "Hata mimi siyainui mara mbili."

"Hatukukutengenezea wewe," mke wake alimjibu. "Wewe mazoezi yako ni kuinua kijiko."

Makopo yalikuwa ya binti yao wa miaka kumi na tano. Watu walimwita Tiara, kwa sababu alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na akikimbia ungesema anavutwa na uzi. Shuleni alicheza netiboli, na pia alikimbia mita mia nane. Michezo yote miwili aliipenda. Ukimwambia achague mmoja, alikuwa anakuuliza kama wewe ungechagua jicho moja.

Hamu ya makopo ilianzia uwanjani. Katika mechi ya mwisho wa muhula, msichana mmoja mwenye kifua kipana alimgusa Tiara kwa bega tu, na Tiara akaenda kukaa nje ya mstari. Nyuma ya Mama Sindano mwanamke mmoja alicheka.

"Huyo mtoto ni kitambaa cha bitana," alisema. "Anapeperuka."

Mama Sindano hakugeuka. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, mwalimu wa netiboli alimpa kila mchezaji karatasi ngumu yenye maelezo. Huu ndio wakati wa kujenga nguvu, ilisema, maana hakuna mashindano. Mazoezi ya nguvu yafanywe siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku mtoto apumzike. Aanze kwa kuchuchumaa na kuinuka bila mzigo wowote. Mzigo uje baadaye, kidogo kidogo.

Mama Sindano aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alifika katikati akasimama.

"Siku tatu?" alisema. "Na hizo nyingine? Mtoto atazame dari? Hii wamewaandikia watoto wa wavivu."

"Mama, mwalimu amesema mwili unahitaji..."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwanangu. Hajaambiwa ainame siku tatu."

Karatasi ilikuwa ngumu na nzuri. Siku hiyo alikuwa na mashati thelathini ya kukata. Akachukua mkasi, akaikata umbo la kola, akaitumia kama kiolezo. Ilimfaa sana.

Basi Tiara akawa anainua makopo kila jioni, siku saba kwa wiki. Mama alihesabu kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho.

"Kumi. Ongeza tano. Nakusikia unavyopumua, bado unazo."

Mwezi wa kwanza ulileta raha. Mapaja yalijaa. Baba alimtania binti yake kwamba sasa ataweza kumbeba akizeeka. Mama Sindano alishona sketi mpya ya michezo, pana kidogo kiunoni, na moyo wake ukacheka.

Shule zikafunguliwa. Netiboli ikaanza, mara tatu kwa wiki. Mbio zikaanza, asubuhi nne. Mwalimu wa netiboli alijua ya netiboli. Mwalimu wa riadha alijua ya riadha. Habari za makopo hakuna mwalimu aliyezijua. Aliyejua yote ni Mama Sindano peke yake, na yeye hakupunguza hata siku moja.

Jioni moja Tiara aliliweka bomba chini kabla ya kuhesabiwa kumi.

"Mama, mguu unauma. Huu wa kushoto. Hapa mbele, kwenye muundi."

"Umejigonga?"

"Hapana. Unauma tu nikikimbia."

"Ni mwili unazoea. Hata mimi vidole viliuma nilipoanza cherehani. Niliacha?"

Baada ya wiki moja Tiara alisema tena. "Mama, sasa unauma hata nikitembea."

Hapo Mama Sindano alifanya kitu ambacho fundi wa nguo tu angekifanya. Alichukua lastiki pana, ile ya viunoni, akampima binti yake mguu kwa futi ya kitambaa, akamshonea mshipi wa kubana chini ya goti. Aliushona vizuri, kwa mshono wa mara mbili. Tiara alipouvaa, maumivu yalitulia kidogo.

"Umeona?" alisema mama. "Dawa ndiyo hiyo."

Maumivu yaliporudi, aliutoa mshipi, akaukaza kwa upana wa kidole kimoja. Yaliporudi tena, akaukaza tena. Juu yake Tiara alivuta soksi ndefu, na mwalimu hakuona kitu.

"Mama," alisema Tiara mara ya tatu, "nimwambie mwalimu?"

Mchujo ulikuwa umebaki siku tisa. Walitafutwa wasichana kumi na wawili, walio chini ya miaka kumi na sita, kwenda kwenye mashindano makubwa. Mwaka unaofuata Tiara angekuwa amepita umri.

"Ukimwambia atakutoa," alisema Mama Sindano. "Vumilia siku tisa tu. Ukishachaguliwa utapumzika hata mwezi."

Tiara akaivuta soksi juu.

Siku ya mchujo alianza vizuri. Yule msichana wa kifua kipana alimgonga kwa bega, na safari hii Tiara hakutikisika. Mama Sindano alisimama pale alipokaa. Alimtafuta kwa macho yule mwanamke wa kicheko.

Dakika ya kumi mpira ulikuja juu. Tiara aliruka peke yake, hakuguswa na mtu, akaudaka, akatua kwa mguu wa kushoto. Akaketi chini. Mpira aliendelea kuukumbatia kifuani, kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Kliniki iliwapokea jioni ile. Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa muundi, mwembamba kama uzi wa pamba. Kisha Tiara na wazazi wake wote wawili walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Alikuwa dada mdogo mwenye mikono mipana, na ukutani kwake palining'inia picha ya mifupa ya mguu.

"Binti, daktari mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Mama Sindano.

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Alivuta soksi chini. Akauona mshipi. Aliukata kwa mkasi, maana haukuvulika tena. Chini yake ngozi ilikuwa na alama ya mduara, nyekundu, yenye vijishimo vya mshono.

"Huu ameushona nani?"

Mama Sindano alitazama vidole vyake. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Umeshonwa kwa ustadi," alisema mtaalamu kwa upole. "Sasa nielezeni wiki ya mtoto huyu. Siku moja moja."

"Anafanya mazoezi ya kawaida tu," alisema Mama Sindano haraka.

Tiara alitazama ukuta.

"Nianzie Jumatatu, mama," alisema mtaalamu.

Ikabidi Mama Sindano aseme. Jumatatu asubuhi mbio, mchana netiboli, jioni makopo. Jumanne mbio, jioni makopo. Alipofika Alhamisi sauti yake ilianza kupungua. Jumamosi alisimama kidogo. Jumapili akamaliza kwa kunong'ona: "Makopo."

"Anapumzika lini?"

"Usiku... analala."

"Na hayo makopo yana kilo ngapi?"

Mama alimtazama mume wake. Fundi bomba aliivua kofia.

"Sikuyapima, daktari. Niliyajaza tu mpaka juu."

Mtaalamu alishusha pumzi.

"Sikilizeni. Kujenga nguvu hakujamdhuru mtoto huyu. Mtoto wa umri wake akifundishwa vizuri, mazoezi ya nguvu humkinga asiumie. Kucheza michezo miwili nako si kosa, kunampa mwili wenye akili. Kosa ni kwamba kila kitu kilirundikwa juu ya kingine, na hakuna aliyejumlisha. Mama, wewe ni fundi. Kitambaa kipya ukikivuta mahali pamoja kila siku, kinakuwaje?"

"Kinaachia," alisema Mama Sindano. "Pembeni mwa mshono."

"Na mfupa ni hivyo hivyo. Tofauti yake, mfupa hujishona wenyewe. Lakini hujishona ukipumzika. Ninyi mlikuwa mnauvuta sindano ikiwa bado ndani."

"Na mshipi?"

"Mshipi haukuponya kitu. Ulifunga mdomo wa mguu. Mguu ulikuwa unasema, mama."

Mama Sindano alijua kwamba mguu haukusema peke yake. Mtoto naye alisema, tena mara tatu.

Basi la timu liliondoka baada ya wiki mbili. Lilipita barabara ya nyumbani kwao, wasichana wakiimba madirishani. Tiara alikuwa amekaa barazani, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Alipunga mkono mpaka basi likakata kona. Kisha akaendelea kupunga.

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mama yake.

"Nimekusamehe, mama." Tiara aliushusha mkono. "Lakini nilikuambia."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Mama Sindano hayakungoja kuwa mjukuu. Alikuwa anayapikia chai kila asubuhi.

Mguu ulichukua miezi mitatu. Katika miezi hiyo Mama Sindano aliwakutanisha watu ambao hawakuwahi kuketi pamoja kumzungumzia Tiara: mwalimu wa netiboli, mwalimu wa riadha na yule dada wa kliniki. Walikaa barazani kwake, katikati ya mashati. Waliandika wiki nzima ya Tiara kwenye karatasi moja, wakaibandika mlangoni.

"Ilikuwaje sikuijua ratiba yako?" mwalimu wa netiboli alimuuliza mwalimu wa riadha.

"Hukuniuliza," alijibu mwenzake, "na mimi sikukuuliza."

Walikubaliana hivi. Wakati hakuna mashindano, Tiara atafanya mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki, na hatayafanya siku mbili mfululizo. Mashindano yakianza, hayo ya nguvu yatashuka yawe mara moja au mbili, mepesi. Siku ya mbio ngumu haitakuwa na netiboli. Jumapili hataguswa na mtu. Na maumivu yanayorudi kila akikimbia, au yasiyoisha baada ya siku mbili, yatapelekwa kliniki, mguu ukiwa wazi bila mshipi.

Fundi bomba aliyakata makopo kutoka kwenye bomba, akayapeleka kwa muuza nyama, akayapima kwenye mizani yake. La kulia lilikuwa kilo kumi na moja. La kushoto lilikuwa kumi na nne. Miezi yote ile mtoto alikuwa anainua mzigo uliopinda. Alirudi nayo, akayavunja kwa nyundo, asitanie hata neno moja.

Mahali pa makopo Mama Sindano alishona mifuko ya turubai, akaijaza mchanga. Kila mmoja ulikuwa kilo mbili, umepimwa, umeandikwa. Mwanzoni Tiara hakuigusa hata hiyo. Alichuchumaa na kuinuka mikono mitupu, yule dada akimtazama magoti na mgongo. Mfuko wa kwanza ulikuja baada ya wiki nne.

"Unauma?" mama aliuliza kila jioni. Alipojibiwa "kidogo," aliamini, na siku hiyo iliishia hapo.

Msimu uliofuata Tiara alicheza mechi zote za shule. Alikimbia mita mia nane, akamaliza wa pili. Alipogongwa kwa bega hakupeperuka. Lakini ile timu ya walio chini ya miaka kumi na sita, mlango wake ulikuwa umeshafungwa. Hakuna mazoezi yanayoufungua.

Siku moja alikuja jirani, muuza mboga, amemshika mkono binti yake. Mtoto alikuwa anachechemea.

"Shoga, nishonee lastiki kama ile ya Tiara. Huyu ana goti linamsumbua, na Jumamosi wana mechi."

Mama Sindano alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akavuta droo akitafuta futi. Mkono wake ukakutana na kiolezo cha kola, kile cha karatasi ngumu. Alikuwa hajakitupa. Maandishi ya mwalimu yalikuwa bado yanasomeka, hadi pale mkasi ulipopita: *Mtoto akisema anaumwa, msimam...*

Alikirudisha taratibu. Futi aliiacha humo humo, akaifunga droo.

"Lastiki sishoni tena," alisema. Akamvutia mtoto kiti. "Kaa hapa, mwanangu. Niambie mwenyewe. Linauma wapi, na limeanza lini?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza.

"Usimtazame yeye," alisema Mama Sindano. "Sema tu. Nakusikiliza."